Miguu Isiyolalamika

Wanangu mnaoanza kazi hii mmenikuta nimeshatundika koti, lakini bado mnanipigia simu, na mara nyingi swali ni moja: mgonjwa akisema hana shida, na wewe kwa macho yako unaona shida anayo, uandike nini? Nimelijibu mara nyingi kwa haraka, mtandao ukikatika, mjukuu akininyang'anya simu. Leo nalijibu nikiwa nimekaa.

Kazi yetu haina jina ambalo watu wanalifahamu. Mama mkwe aliponiuliza nafanya nini hospitalini, nilimjibu kwamba napima miguu. Akauliza kama tunashona viatu vya jeshi. Ikabidi nimweleze kwamba kuna ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaorithiwa. Si ukoma, si kisukari, wala si kulogwa. Mtu anaupata kwa baba yake au kwa mama yake, ndugu wengine wanaupata na wengine wanaachwa. Unakuja polepole. Misuli ya chini ya goti inasinyaa, unyayo unapinda juu katikati, vidole vinajikunja kama vimeshika kitu, na ngozi ya chini inaanza kusahau kuhisi. Hauui. Dawa ya kuuondoa hatukuwa nayo, na ninyi bado hamnayo.

Tulichokuwa nacho ni mazoezi, viatu vya kupimwa, na maswali. Maswali ndiyo yaliyokuwa kipimo chenyewe: miguu hii inamzuia huyu mtu kuishi kwa kiasi gani? Ule uma wa chuma tunaoupiga na kuuweka kwenye kifundo utakuambia kama mguu unasikia mtetemo. Hautakuambia kama mwenye mguu ameacha kwenda sokoni.

Mimi niliingia kwa mlango wa nyuma. Wazazi wetu walifariki wakifuatana nikiwa darasa la sita, na mimi ndiye niliyekuwa mkubwa. Shule ikaishia hapo. Nilijifunza kushona viatu kwa jirani yetu, Tunduma, kando ya foleni ya malori, maana dereva anayesubiri kuvuka kwenda Zambia ana muda wa kutosha wa kugundua kwamba kiatu chake kimeachia. Kwa sindano ile wadogo zangu walikula na wakasoma.

Siku moja akaja mwanamke mmoja na kiatu cha kiume kilicholika upande mmoja tu, wa nje, hadi soli ikawa kama kipande cha sabuni cha mwisho. Alitaka niupandishe upande ule. Nikamuuliza mwenye kiatu anatembeaje. Akasema, "Njoo umwone."

Huyo ndiye Sista Tusekile. Hakuwa nesi, alikuwa mtaalamu wa fisio, lakini kwetu kila mwanamke mwenye koti jeupe ni sista, naye alishachoka kusahihisha watu. Nilienda kumwona mwenye kiatu, nikarudi tena wiki iliyofuata, na ndivyo nilivyobaki. Kila ninachokijua kuhusu miguu yenye mtu ndani yake alinifundisha yeye. Mimi nilikuwa najua viatu.

Dodoso letu lilitoka mbali na lilitafsiriwa kwa Kiswahili kizuri tu, ila Kiswahili kile kilikuwa hakijawahi kufika Ibaba. Kulikuwa na swali: je, unapata shida kupanda ngazi? Mzee mmoja kule Ibaba alinitazama kwa mashaka.

"Bati langu ni jipya," akasema. "Napanda ngazi kufanya nini?"

Mke wake, aliyekuwa anamenya viazi pembeni, akasema niandike kwamba hapandi, kwani mwaka uliopita alipanda akaangukia kuku. Toka siku hiyo tukaacha ngazi, tukauliza juu ya mteremko wa kwenda mtoni. Huo kila mtu anao.

Neno "mguu" nalo lilitusumbua kuliko lugha zote za mkoa huu. Mama mmoja wa kule Mpemba, karibu na Tunduma, alisema mguu unamuuma sana, wakati wote, usiku na mchana. Tukamwandikia maumivu ya kiwango cha juu. Mwishoni, anaaga, akajishika nyonga akaanza kuilaani bodaboda iliyomgonga. Mguu kwetu unaanzia kiunoni, na hakuna wa kutulaumu kwa hilo. Kwa hiyo Sista akaweka sheria: kabla ya swali lolote, inama ushike kifundo chako mwenyewe na useme, "Kuanzia hapa kwenda chini." Nimewaona baadhi yenu mnasoma tu kwenye kishikwambi bila kuinama. Inameni.

Mengine ni madogo lakini yashikeni. Kaeni chini kuliko mgonjwa, kwenye kigoda au kwenye mkeka, maana mtu haonyeshi unyayo wake kwa aliyekaa juu yake. Mbozi kukiwa na baridi, msipime kabla ya kuipasha miguu kwa maji ya uvuguvugu, kwa sababu mguu wa baridi hauhisi hata kama ni mzima. Usimwoshe binti miguu wewe mwanamume, mpe beseni mama yake. Usiulize habari za aibu mkwe akiwa anasikia. Na tazama ndala mlangoni kabla hujabisha hodi. Ndala iliyofungwa kisigino kwa mpira wa tyubu ni ya mtu ambaye ndala humvuka njiani bila yeye kujua.

Sasa nije kwenye swali lenu.

Kule Igamba kulikuwa na nyumba moja, ya Bibi Eliza, ambapo ndala zote mlangoni zilikuwa zimefungwa tyubu. Ukoo mzima una miguu hiyo. Wanatembea kwa kunyanyua goti juu, na unyayo unatua wenyewe chini, pa. Majirani waliwaita korongo, yule ndege wa miguu mirefu, kwa kuwacheka. Wao wakalichukua jina wakalifanya lao. Mtoto wa nyumba ile akifika umri wa kwenda shule, shangazi walikuwa wanamtuma dukani makusudi, wamtazame kwa nyuma. Akianza kunyanyua goti, Bibi Eliza anasema, "Huyu wetu," na mtoto anachinjiwa kuku. Aliyetembea kama watu wengine alipendwa pia, lakini kuku alimla kwa kualikwa.

Tulikwenda kwa ajili ya mjukuu wake, Skola, binti wa kama miaka ishirini. Alikuwa na kidonda upande wa nje wa unyayo wa kulia. Kipande cha waya wa kichanja cha kahawa kilimwingia akiwa anaanika, akatembea nacho hadi siku shangazi yake alipoona damu sakafuni. Hakuwahi kukisikia. Daktari wa Vwawa alikitoa, akamfunga, akamwambia wazi: kidonda kikiendelea kukanyagwa kitafika kwenye mfupa, na kikifika kwenye mfupa mguu utakatwa. Alichohitaji ni viatu vilivyopimwa, vyenye kifaa cha plastiki cha kushika kifundo, ili uzito uondoke pale penye kidonda. Viatu hivyo vilitengenezwa Mbeya, vilikuwa vichache, na walipewa wale ambao majibu yao yalionyesha kwamba miguu imewazuia zaidi. Majina yalikuwa yanapelekwa mwisho wa mwezi.

Tukaketi, nikainama nikashika kifundo changu, nikaanza kuuliza, pale Kiswahili kilipokwama nikimalizia kwa Kinyiha cha mama yangu. Miguu inakuzuia kazi? Hapana. Inakuzuia kwenda unakotaka? Naenda kote. Unaanguka? Kama watu wengine. Unahuzunika kwa sababu ya miguu?

Skola akacheka. "Mjomba, miguu nayo inahuzunisha?"

Bibi yake akadakia kutoka jikoni kwamba tumuulize habari za mchumba, hapo ndipo tutapata huzuni. Wote tukacheka, na Sista akaandika alichoambiwa. Tulipojumlisha, yule mama wa bodaboda alikuwa na hali mbaya kuliko binti mwenye shimo kwenye unyayo.

Njiani kurudi nilimwambia Sista tuandike tunachokiona. Kidonda tumekiona, ndala tumeziona, mwendo tumeuona. Alikuwa anaendesha, akalipita kwanza lori lililokuwa linapanda mlima taratibu.

"Fundi," akasema, "tukimjibia, tutakuwa tumepima macho yetu. Na siku wakigundua kwamba tunajibia watu, mwakani hakuna atakayepata kiatu, hata aliyesema ukweli."

"Kwa hiyo akatwe mguu kwa sababu kasema hapana?"

"Sijasema hivyo. Nimesema jibu lazima litoke kwake. Sisi tutafute swali."

Hiyo ndiyo nusu ya kwanza ya jibu langu kwenu. Usiandike ambacho hukuambiwa. Lakini usiondoke pia.

Nusu ya pili niliipata mezani kwetu, jioni ileile. Wadogo zangu wamekuwa watu wazima, wana watoto wao, na wakija kwangu tunakula pamoja. Mdogo wangu wa mwisho alisukuma sahani akasema ameshiba, na mimi bila kufikiri nikamwongezea ugali. Mke wangu akashangaa. Ni mazoea tu. Tulipokuwa watoto, sufuria ikikaribia kuisha, mmoja alikuwa anasema, "Nimeshiba." Hakuwa anadanganya. Alikuwa anamaanisha kwamba fulani bado hajala. Mimi nikiwa mkubwa nilijifunza kutowauliza kama wameshiba. Niliuliza nani amekula nini. Hapo nilipata hesabu ya kweli, na aliyebaki nyuma nilimjua bila yeye kujisema.

Asubuhi nikamweleza Sista. Akaniangalia, akachukua funguo za gari.

Safari hii hatukuuliza habari za miguu ya mtu yeyote. Sista alimwomba Bibi Eliza atueleze siku ya nyumba yake inavyokwenda, nani anafanya nini. Bibi alifurahi, maana ni mpangilio aliojivunia. Alikaa kwenye kigoda chake, akaanza kugawa kazi kwa vidole ambavyo navyo vilikuwa vimeanza kujikunja. Maji anachota Fadhili, kaka yake Skola, ambaye miguu haikumpata. Kufua mtoni anakwenda shangazi, kwa sababu mawe yanateleza. Skola anachagua kahawa akiwa amekaa, anapika, anaanika vichanja vya karibu. Vya mbali, vya kule bondeni, ni vya Fadhili. Sokoni Skola anakwenda na mtu wa kumshika mkono kama kumenyesha. Shamba la juu hajaliona tangu mvua za mwaka juzi, lakini analijua, kwa sababu anasimuliwa.

"Na Fadhili akioa akahamia kwake?" Sista akauliza.

"Atakuwepo mwingine."

"Na kama hayupo?"

Bibi akamgeukia kama mtu anayeeleza jambo kwa mtoto. "Mwanangu, ninyi mnauliza mmoja anaweza nini. Hapa tunaweza yote, kwa sababu tuko wengi. Sasa nimwambie Skola hawezi, wakati maji yapo ndani?"

Wanangu, nimesikia maelezo mengi ya wataalamu kuhusu dodoso, na wengi wao ni watu wazuri walionisaidia. Hilo la Bibi Eliza ndilo ninalolikumbuka. Ulemavu wa nyumba ile ulikuwa umegawanywa kama mzigo wa kuni, kila mmoja amebeba fungu, na sisi tulikuwa tunamuuliza mmoja mmoja kama fungu lake ni zito.

Sista akaomba ruhusa ya kukaa na Skola peke yake, na mimi nikiwa mwandishi. Tukatoka hadi kwenye vichanja. Hakumuuliza anashindwa nini. Alimuuliza, "Kitu gani ulikuwa unafanya ukakiacha, na hakuna wa kukufanyia?"

Skola akawa anageuza kahawa kwa kiganja, taratibu, kama anatafuta punje mbovu. Tukasubiri. Hili nalo mlijue: baada ya swali zuri, mnyamaze.

"Kwaya," akasema.

Alikuwa anasimama mbele kabisa, anaonyesha hatua, wenzake wanamfuata. Kwenye tamasha la kwaya za jirani, mbele ya watu, waligeuka kulia, naye akageuka, kiatu kikabaki kimetazama mbele. Hakujua kwamba kimemvuka mpaka aliposikia vicheko. Jumapili iliyofuata akasimama mstari wa nyuma. Baadaye akaomba atunze sare.

"Nimewaambia mimi ni mrefu, nawaziba," akasema. "Si mrefu, Mjomba. Unaniona."

Nikamwambia ninamwona.

Sista akaanza dodoso upya, kila swali, na kila mara akaongeza: ukiwa peke yako, bila Fadhili, bila shangazi. Yale majibu ya "hapana" yakaanza kubadilika, moja baada ya jingine. Alipofika kwenye lile la huzuni, Skola hakucheka. Nikaandika alichosema, kama alivyokisema, na jina lake likaenda Mbeya pamoja na mengine.

Tulidhani tumemaliza. Siku viatu vilipofika, aliyekataa ni Bibi.

Hakugomba. Aliomba aone viatu, akavishika, akapapasa ile plastiki kwa ndani. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, alitambua mwanga na vivuli tu. Akaniuliza mtu akivaa hivi anatembeaje. Nikamweleza kwa furaha, kama fundi anayesifia kazi, kwamba hatanyanyua goti tena, kisigino kitatangulia, na unyayo hautapiga chini. Kimya kabisa.

"Kimya," akasema Bibi. "Sasa mimi nitajuaje kwamba anakuja?"

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba anawasikiliza. Kila mtu wa nyumba ile alikuwa na pa yake. Ya Fadhili ndiyo haikuwepo, kwa hiyo yeye alikuwa anaimba akikaribia uani. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda akiwahesabu watu wake wakirudi nyumbani kwa masikio, na sisi tumekuja kumnyamazisha mmoja.

 Sista hakumletea somo la kidonda na mfupa, lile alishalisikia. Skola ndiye aliyepiga magoti mbele ya kigoda, akaiweka mikono ya bibi yake juu ya bandeji.

"Bibi, wakiukata huu, utasikia fimbo," akasema. "Mimi sitaki unijue kwa fimbo."

Bibi aliiacha mikono yake palepale. Kisha akamwambia avae.

Akavaa, nikamfunga kamba, akatembea hadi kwenye nguzo ya umeme ya jirani, akarudi. Bibi akatega sikio. Akamwambia arudie. Skola akaenda tena akarudi. Mara ya kwanza Bibi alimkaribisha kama mgeni, na sote tulicheka, yeye pia. Walirudia hivyo mpaka shangazi akaleta chai, mpaka chai ikapoa. Ile plastiki, ikibeba uzito, ilikuwa na mlio mdogo, kama mtu anayekunja kikapu kipya. Sikuwahi kuusikia mpaka Bibi alipotuonyesha.

"Haya," akasema. "Nimekupata."

Kidonda kilifunga polepole, kikichukua miezi, na Sista alikuwa akikikagua kila tulipopita. Mwaka ulipozunguka tukarudi kumpima upya, na hapa ndipo wengi wenu mtakapokwama, kwa hiyo sikilizeni. Unyayo ulikuwa mzima. Skola alikuwa amerudi kwaya, si mbele kabisa, lakini mstari wa pili. Anachota maji akitaka. Na majibu yake yalikuwa mabaya kuliko ya mwanzo. Shida kazini, kubwa. Kuchoka, sana. Huzuni, ndiyo. Ukiangalia namba peke yake, ungesema viatu vimemharibu.

Sista aliweka kalamu chini akamuuliza imekuwaje.

"Sista, zamani sikujua kwamba ile ni kazi," Skola akasema. "Nilidhani kutembea ndivyo kulivyo. Sasa nikivua viatu jioni, nikitoka kitandani kwenda mlangoni, ndiyo naona nilikuwa nabeba nini. Unaniuliza, nakujibu. Andika sana."

Sista akaandika sana, na pembeni akaandika maneno yote aliyoyasema, ili watakaosoma namba wasome na maneno. Nanyi fanyeni hivyo. Mtu akianza kusema shida yake, usidhani shida imeongezeka.

Bibi Eliza alikuwa amekaa kigodani muda wote huo, anasikiliza. Nilipoanza kufunga mkoba akaniita, "Baba, unakwenda wapi?" Nikamwambia tumemaliza. Akainama kwa shida, akafungua mpira wa tyubu kwenye kisigino kimoja, kisha cha pili, akavua ndala zake akazisogeza pembeni kwa mkono.

"Hamjamaliza," akasema. "Na mimi niulizeni."

Sista akarudi kuketi mkekani. Nikashika kifundo changu, ingawa yeye hakuweza kuniona, nikasoma swali la kwanza. Akaanza kupapasa unyayo wake kwa vidole, taratibu, kutoka kisiginoni kwenda mbele. Hatukumharakisha.